Barua ya Jirani na Siku Zake 21

Bahasha ya kahawia yenye muhuri wa halmashauri ya mji haina jina zuri katika nyumba zetu. Ikianguka mlangoni hudhaniwa kuwa ni kodi, na kama si kodi basi ni faini ya gari, na aghalabu huwekwa juu ya friji mpaka kijana wa nyumba arudi kazini aisome. Nakusudia kuzungumza nanyi, jamaa zangu, juu ya aina moja tu ya bahasha hizo: ile inayomjulisha mtu kwamba jirani yake ameomba ruhusa ya kujenga, au ya kubadili matumizi ya nyumba yake, duka lake au kiwanja chake. Barua hii haidai fedha. Inauliza rai. Na ina siku 21 za kujibiwa, ambazo juu ya friji hupita upesi sana.

Nimelichagua jambo hili kwa sababu miaka hii sisi tumo katika pande zote mbili za barua. Waliotutangulia kufika Uingereza walikuwa wapangaji, chumba kimoja watu wanne, na mambo ya mipaka na kuta yalikuwa juu ya mwenye nyumba. Leo watoto wetu wamenunua nyumba London, Leicester, Milton Keynes na kwengineko. Huyu anaongeza chumba kwa nyuma apate pa kumweka mama yake, yule anapika biriani na sambusa za kuuza katika jiko la nyumbani, na vyama vyetu havikomi kutafuta mahali pa chuo cha watoto. Kila mmoja wa hao ana jirani, na jirani huyo naye ana friji.

Sheria yenyewe ni ya mwaka 1947, ikaanza kufanya kazi tarehe 1 Julai 1948. Tangu siku hiyo mwenye ardhi katika nchi hii hana uhuru wa kuijenga atakavyo, wala wa kubadili sana matumizi yake, ila kwa ruhusa. La kustaajabisha ni kwamba sheria hiyo haikumlazimisha mtu amjulishe jirani. Maombi yalikuwa baina ya mwombaji na halmashauri, na wa pembeni aliyaona matofali yakishushwa ndipo akajua. Sheria ya mwaka 1959 ikaamuru maombi ya mambo machache yenye kero yatangazwe, kama vile machinjio na vyoo vya umma. Ilibidi kungojea mpaka mwaka 1992 ndipo kila ombi likawa ni lazima litangazwe kwa njia moja au nyingine.

Hayo maneno "njia moja au nyingine" yaangalieni vizuri, maana ndimo watu wengi wanamopotelea. Kanuni inayotumika Uingereza sasa, ya mwaka 2015, inaipa halmashauri hiari kwa maombi ya kawaida: ama ibandike tangazo mahali penyewe au karibu napo kwa muda usiopungua siku 21, ama imwandikie mwenye nyumba au mkaaji wa mahali palipopakana na kiwanja hicho. Habari huwekwa pia katika tovuti ya halmashauri. Kwa hiyo barua si haki ya kila mtu. Aliye ng'ambo ya barabara hapakani, hata kama dirisha lake latazamana na mlango huo miaka thelathini. Zipo halmashauri zinazowaandikia wengi kwa ihsani yao, na zipo zinazotosheka na karatasi moja iliyofungwa kwenye mlingoti wa taa, mvua ikiinyeshea. Mimi nimejizoeza kuisoma milingoti ya taa nikitoka msikitini. Wajukuu hunicheka, lakini ndivyo nilivyoijua habari ya baa iliyotaka kufungua bustani yake mpaka saa sita za usiku.

Waskoti wamelipanga vizuri zaidi. Kule, mpaka mwaka 2009, mwombaji mwenyewe ndiye aliyekuwa na wajibu wa kuwapelekea habari majirani zake. Kuanzia tarehe 3 Agosti mwaka huo kazi hiyo ikahamishiwa kwa halmashauri, nayo huwaandikia walio ndani ya mita 20 za mpaka wa kiwanja. Ni dhahiri kwamba mita 20 ni bora kuliko neno "kupakana", kwa sababu zinavuka barabara. Lakini nimewaza mara nyingi kama hawakupoteza kitu walipomwondolea mwombaji kazi ya kubisha hodi.

Sisi kwetu hapakuwa na barua. Waliokulia Mji Mkongwe wa Unguja, au Lamu, au Mombasa mji wa kale, wanakumbuka nyumba zilivyoegemeana. Mtu akitaka kujenga wikio, kile chumba kinachokatiza juu ya njia, upande mmoja ni ukuta wake na upande wa pili lazima kiegemee kwa mwengine, na huwezi kuegemea kwa mtu bila ya kumwambia. Akitaka kuongeza ghorofa, swali la kwanza la mtaa lilikuwa dirisha litatazama wapi, maana uani kwa jirani kuna wanawake wanaopika na kusukana. Chuoni tulisomeshwa hadithi aliyoipokea Abu Huraira, kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza jirani kumzuia jirani yake asikite boriti katika ukuta wake. Wanazuoni wamekhitalifiana kama hilo ni lazima au ni uungwana tu, lakini wote walilisoma na walilijua. Mtu alikwenda baada ya Magharibi, akakaa barazani, akazungumza habari za mvua na bei ya papa, kisha akasema, "Bwana, nataka kujenga." Hata waliogombana waligombana kabla ya ukuta kusimama.

Hapa yapo mambo yale yale, ila yamevaa nguo nyengine. Afisa wa mipango akiandika kwamba dirisha "litachungulia bustani ya jirani", anazungumza lile lile la uani. Linalotushinda si maana yake bali ni utaratibu wake, na hasa hesabu yake ya kimya.

Kimya kwetu kina fiqhi yake. Mwari akiulizwa juu ya posa naye akanyamaza, amekubali. Kwa Waingereza kimya cha jirani kina hukumu tatu mbali mbali. Katika maombi ya kawaida kimya si kitu: afisa atalipima ombi kwa kanuni, jirani aseme asiseme. Lakini kuna mlango mwengine uliofunguliwa mwaka 2013 na ukafanywa wa kudumu mwaka 2019, wa nyongeza kubwa za nyuma zenye dari moja: zaidi ya mita 3 mpaka 6 kwa nyumba za safu na nyumba pacha, na zaidi ya mita 4 mpaka 8 kwa nyumba iliyosimama peke yake. Hapo halmashauri huwaandikia waliopakana, na ikiwa hapana hata mmoja aliyepinga katika muda wake, athari kwa jirani haipimwi kabisa. Kimya hapo ndicho kibali. Ukiiacha bahasha hiyo juu ya friji, utakuja kuamka siku moja una ukuta wa mita sita ubavuni mwa jiko lako, na aliyeuruhusu ni wewe.

Hukumu ya tatu ni ya ukuta wa shirika, nayo ni kinyume cha hiyo. Sheria yake ni ya mwaka 1996, ikaanza Julai 1997, na inahusu Uingereza na Wales. Anayetaka kuugusa ukuta mliogawana, mathalan kukita vyuma vya dari ndani yake, lazima akupe notisi ya maandishi miezi miwili kabla. Anayechimba msingi ndani ya mita 3 za jengo lako, kwenda chini kuliko msingi wako, atakupa mwezi mmoja. Hapa hapana halmashauri. Notisi hutoka kwa jirani mwenyewe. Nawe usipojibu ndani ya siku 14 huhesabiwi kuwa umekubali, bali huhesabiwa kuwa mmekhitalifiana! Basi huteuliwa mpima majengo, mara nyengine wawili, na gharama kwa kawaida humwangukia anayejenga. Kijana wa jamaa mmoja alitumia kwa wapima fedha alizokusudia kununulia madirisha, na jirani yake, mzee wa Kihindi mpole kabisa, hakuwa na ugomvi wowote. Alikuwa safarini Gujarat.

Sasa nije kwenye habari ya chuo, ambayo wengi mnaijua mwisho wake lakini mwanzo wake umesimuliwa kwa namna nyingi.

Mwaka 2016 chama chetu kilipata, kwa michango, duka lililofungwa mwisho wa mtaa wa nyumba za safu. Watoto walikuwa wakisoma katika ukumbi wa kukodi ambao tulitolewa kila penye sherehe, na mara mbili walisomea varandani. Maombi yakapelekwa na mchoraji ramani. Mtaani hapakwenda mtu. Halmashauri ikaandika barua zake, na barua hizo zilisema sentensi moja tu: kubadili matumizi kutoka duka kuwa mahali pa ibada na mafunzo. Kwa sentensi hiyo kila mwenye nyumba akajichorea picha yake. Mmoja aliona magari mia, mwengine alisikia adhana ya kipaza sauti alfajiri, wa tatu aliona mnara. Zikaja barua za kupinga, na waraka wenye sahihi za karibu mtaa mzima. Zilikuwamo chache za chuki, ambazo halmashauri haikuzichapisha. Lakini nilizisoma zilizochapishwa, moja baada ya moja, na nyingi zilikuwa za magari. Watu waliandika juu ya magari kama sisi tunavyozungumza juu ya maji ya mfereji.

Afisa akashauri maombi yaondolewe kabla ya kukataliwa. Yakaondolewa.

Palifanyika mkutano mkubwa. Wapo waliosema, "Hawa hawatutaki, basi," na wapo waliotaka watoto waanze kusoma pale pale bila ya ruhusa, wakidai kwamba ikipita miaka mtu huwa halali. Niliipinga rai hiyo siku ile, na leo ningeipinga zaidi. Kubadili matumizi bila ya ruhusa, halmashauri ilikuwa na miaka 10 ya kukuandama; na tangu tarehe 25 Aprili 2024 muda wa miaka 10 umekuwa ndio wa kila kitu Uingereza, hata kwa ujenzi ambao zamani ulikuwa miaka 4. Utawasomesha watoto Qurani miaka kumi huku ukichungulia dirishani?

Lililokubaliwa mwisho lilitoka kwa akina mama. Walisema mtaa ugawanywe, watu waende wawili wawili, mwanamke awemo katika kila jozi, kwa kuwa mlango wa Kiingereza hauwafungukii wanaume wawili wenye kofia wakati wa jioni. Tulikuwa watu sita, nami nilikuwamo. Tulichukua ramani na karatasi moja ya saa za masomo. Halwa hatukuchukua mara ya kwanza. Mama mmoja alisema itaonekana ni rushwa, nami naona alisema kweli.

Tuliyoyasikia hayakuwamo katika barua yoyote. Bibi mzee wa nyumba ya pili alikuwa na muuguzi anayekuja kila siku saa kumi na moja za jioni, na khofu yake yote ni kwamba muuguzi hatapata pa kusimamisha gari atakwenda zake. Dereva wa teksi alikuwa akilala mchana. Mama wa Kipoland aliuliza kama wa kwake wanaweza kusaidiwa hesabu. Bwana mmoja alisema hapana, akafunga mlango, na haki yake.

Tuliporudi tukaandika maombi mapya. Saa za masomo zikasogezwa nyuma ya saa ya muuguzi. Idadi ya watoto kwa wakati mmoja ikatajwa. Kwamba hapatakuwa na kipaza sauti cha nje tuliliandika wenyewe kabla ya kuulizwa. Mwenye klabu ya karibu aliturukhusu magari yashushe watoto katika uwanja wake, na mwalimu mmoja akawekwa mlangoni kuwatembeza. Siku zile aliyeondoa maombi aliweza kuyaleta tena ndani ya miezi 12 bila ya kulipa ada ya pili. Nafuu hiyo imefutwa Uingereza tangu Desemba 2023, kwa hiyo leo kosa kama lile lingelipiwa mara mbili.

Mwaka 2017 kamati ikakaa. Barua za kupinga zilikuwa tisa, na za kuunga mkono zikawapo, ya bibi mzee ikiwa ya kwanza. Msemaji alipewa dakika tatu. Mwenyekiti wetu alikuwa ametayarisha kurasa nyingi, nyingine zikianzia historia ya Pwani, lakini alikubali, na nampa heshima yake kwa hilo, kumwachia binti wa miaka 17 aliyesoma katika ukumbi wa kukodi. Alieleza kusoma varandani kukoje mwezi wa Januari. Ruhusa ikatoka ya mwaka mmoja, kwa majaribio, na mwaka 2018 ikatoka ya kudumu, na masharti yake ya saa na idadi yamebandikwa ndani ya mlango mpaka leo. Bwana aliyefunga mlango alipinga mara zote mbili. Hasalimii.

Nirudi kwa aliyepokea barua, kwa kuwa nusu ya watu wanaoniletea barua hizi hutaka kupinga, na nusu ya sababu zao hazina faida. Afisa atasikiliza mwanga utakaozibwa, dirisha litakalochungulia, kelele, harufu, magari na usalama wa barabara, na ukubwa wa jengo usiofanana na mtaa. Hatasikiliza kwamba bei ya nyumba yako itashuka, wala kwamba utakosa mandhari ya miti, wala kwamba mwombaji ni mtu mbaya aliyewahi kukugongea gari. Huo ugomvi wa gari mpelekeeni bima. Kumbukeni pia kwamba jina na anwani ya anayeandika kwa kawaida husomwa na kila mtu, na jirani wa kwanza kuisoma ni yule yule.

Na fahamuni hili: mwombaji akikataliwa ana rufaa, wiki 12 kwa mambo mengi ya nyumba ya kukaa na miezi 6 kwa mengine mengi. Jirani aliyepinga akashindwa hana rufaa. Kilichobaki kwake ni mahakama, ndani ya wiki sita, tena kwa kosa la sheria tu, na gharama yake haiwezi kubebwa na mtu wa kawaida. Ndiyo maana siku 21 za mwanzo zina uzito wote.

Wapo pia walio majirani wa mbali. Wengi tuna viwanja Mombasa na Malindi vilivyoachwa na wazee. Kenya ina sheria ya mwaka 2019 juu ya mipango na matumizi ya ardhi, na maombi ya kubadili matumizi, tuseme nyumba ya kukaa kuwa hoteli au ghala, hutangazwa magazetini na kwa kibao kiwanjani. Gazeti hilo halifiki Northampton. Mwenye kiwanja kule amwombe jamaa apite walau mara moja kwa mwezi, atazame si kiwanja chetu tu bali na cha ubavuni, na akiona kibao akipige picha siku hiyo hiyo na kuituma.

Kwa anayejenga mwaka huu, mchoro ukiwa bado kwa penseli ndio wakati wa kwenda kwa jirani, kwa sababu penseli hufutika. Mchukulieni na notisi ya ukuta wa shirika mkononi, mkae, mnywe chai, na akikubali aandike siku hiyo hiyo, asiachiwe zile siku 14. Anayesafiri kwao, aulizwe anarudi lini.

Na aliyepata barua asiyeimudu Kiingereza chake, ailete chuoni Jumamosi baada ya Alasiri. Huwapo walimu wawili wastaafu, mimi mmojawapo. Ije pamoja na bahasha na karatasi zake zote, kwa sababu tarehe ya mwisho na namba ya maombi huandikwa juu kwa herufi ndogo, na bila ya namba hiyo jibu halijui liende faili gani.